Jina na Dawa: Historia ya Hepesi ya Ukurutu kwa Watoto Wadogo

Magonjwa mengi hupewa jina kwa sura yake kabla chanzo chake hakijajulikana. Jambo hilo si la kulaumiwa, kwa maana mwenye kutoa jina hana budi kuanza na kile akionacho kwa macho. Lakini jina likishatolewa hukaa, na likishakaa huongoza fikira za watu, na kwa fikira huongoza mkono wa tabibu. Ikiwa jina limeshika sura na kuacha chanzo, mkono huo waweza kukosea njia kwa miaka mingi.

Yako maradhi ya watoto wadogo ambayo historia yake yaonyesha jambo hili waziwazi. Mtoto mwenye ukurutu, yaani ule ugonjwa wa ngozi kavu yenye kuwasha ambao watu wengi siku hizi huuita pumu ya ngozi, hushikwa ghafula na homa kali. Pale palipokuwa na ukurutu, hasa usoni na shingoni, hutokea malengelenge madogo madogo yaliyo sawasawa kwa ukubwa, mengi yakiwa na kishimo katikati mfano wa kitovu. Baada ya siku chache malengelenge hupasuka, yakaacha vidonda vidogo vya mviringo vyenye kingo kali, kana kwamba ngozi imetobolewa kwa chombo. Tezi za shingo huvimba, mtoto hukataa kula, na kope zikifikiwa macho yake huwa hatarini. Chanzo cha yote haya ni kirusi cha hepesi, kile kile kimleteacho mtu mzima malengelenge machache pembeni mwa mdomo. Kwa mtu mzima mwenye afya njema huo ni usumbufu wa juma moja au mawili. Kwa mtoto mwenye ukurutu ni jambo la kufa na kupona.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1887, na kirusi chake kilitambuliwa mwaka wa 1941. Katika miaka 54 iliyo kati ya tarehe hizo mbili uliitwa kwa mifano mitatu: mfano wa hepesi, mfano wa ndui na mfano wa tetekuwanga. Makala haya yafuata safari ya majina hayo, na mwishowe yauliza ni funzo gani linalopatikana humo kwa wenye kazi ya kuunda istilahi za utabibu katika Kiswahili.

Maneno mawili ya Kiyunani

Jina litumiwalo na matabibu wa dunia kwa maradhi haya limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani. La kwanza, ekzema, latokana na kitenzi chenye maana ya kuchemka mpaka kufurika. Aetius wa Amida, tabibu wa karne ya 6, alilitaja kuwa ni neno la watu wa kawaida kwa vipele vitokavyo kama vitu vilivyochemshwa na joto. La pili, herpes, latokana na kitenzi cha kutambaa; kutoka shina hilo hilo la kale Kilatini kilipata neno lake la nyoka. Katika vitabu vya shule ya Hippocrates neno hili lilitumika kwa vidonda vilivyotambaa juu ya ngozi, bila kubagua ni vya namna gani.

Kwa hiyo maneno yote mawili ni ya sura na mwendo tu. Moja lasema ngozi yachemka; la pili lasema kidonda chatambaa. Hakuna katika hayo lililotaja mdudu, kirusi, wala chanzo cho chote. Robert Willan, tabibu wa London aliyejaribu kuyapanga magonjwa ya ngozi kwa utaratibu, na mwanafunzi wake Thomas Bateman aliyeikamilisha kazi yake kwa kitabu cha mwaka wa 1813, ndio waliolipunguza neno hepesi mpaka likawa na maana ya malengelenge yaliyokaa kwa mafungu na kupona yenyewe baada ya muda. Hilo lilikuwa pato kubwa. Hata hivyo, hepesi ya Willan na Bateman ilikuwa bado ni umbo, si chanzo. Mtu aliyesoma neno hilo katika karne ya 19 alielewa namna malengelenge yalivyopangika, hakuelewa zaidi ya hapo.

Vienna, mwaka wa 1887

Shule iliyokuwa na sifa kubwa kuliko zote katika elimu ya ngozi wakati huo ilikuwa ya Vienna, iliyoanzishwa na Ferdinand von Hebra. Mkwewe na mrithi wake alikuwa Moriz Kaposi, aliyezaliwa mwaka wa 1837 katika mji wa Kaposvár huko Hungaria. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kohn. Mwaka wa 1871 alilibadili kwa kuchukua jina la mji wake, na sababu inayotajwa ni kwamba matabibu wenye jina la Kohn walikuwa wengi mno mjini Vienna, naye hakutaka kuchanganywa nao. Yafaa kulikumbuka jambo hilo, kwani mtu aliyejua vema udhia wa majina yanayofanana ndiye aliyekuja kuupa ugonjwa huu jina lake la kwanza la mfanano.

Katika Afrika ya Mashariki Kaposi hujulikana zaidi kwa ugonjwa mwingine, ile saratani ya ngozi aliyoieleza mwaka wa 1872, ambayo iliwapata watu wengi wa Uganda na nchi jirani hata ukafanywa mkutano wa wataalamu mjini Kampala mwaka wa 1961 kuijadili. Mwaka wa 1994 ilivumbuliwa kwamba saratani hiyo nayo huhusiana na kirusi cha jamaa ya hepesi. Basi maradhi mawili yaliyobeba jina la mtu mmoja yamekuja kuonekana kuwa na virusi vya ukoo mmoja, ingawa mwenyewe, aliyefariki mwaka wa 1902, hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Mwaka wa 1887, katika kitabu chake cha magonjwa ya ngozi, Kaposi alieleza dhara la kutisha liwapatalo watoto wenye ukurutu wa uso. Aliandika juu ya malengelenge mengi ya ukubwa wa adesi, yaliyojaa maji maangavu na yenye kitovu, yatokayo ghafula, fungu baada ya fungu kwa siku kadhaa, huku mtoto akiwa na homa kali na uso uliovimba. Maelezo yake yalikuwa sahihi kiasi kwamba tabibu wa leo akiyasoma huutambua ugonjwa mara moja. Akauita ukurutu ulio mfano wa hepesi.

Jina hilo la kwanza lilikuwa limekaribia ukweli kuliko yote yaliyolifuata, lakini lilikaribia kwa bahati. Kaposi hakukusudia kusema kwamba chanzo kilikuwa kile cha malengelenge ya mdomo. Alikusudia kusema kwamba malengelenge hayo yalifanana kwa umbo na yale ya hepesi. Mkazo wote umo katika kiambishi cha mwisho cha Kilatini, ambacho maana yake ni "wenye umbo la". Kiambishi hicho humruhusu mwandishi kutaja kitu na papo hapo kujitenga nacho: asema ni kama hiki, lakini hasemi ni hiki. Kwa mtaalamu mwangalifu ni ngao njema. Kwa wale wamfuatao huwa kizingiti, kwa sababu mfano ukishaandikwa watu hushindana kutafuta mfano ulio bora zaidi, badala ya kuuliza chanzo.

Mfano wa ndui

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka wa 1898 Fritz Juliusberg aliuandika ugonjwa huo huo kwa jina jipya la Kilatini lenye maana ya majipu madogo ya ghafula yaliyo mfano wa ndui. Baadaye lilienea jina la tatu, mlipuko wa Kaposi ulio mfano wa tetekuwanga, na kwa jina hilo ugonjwa ulijulikana katika vitabu vingi vya karne ya 20.

Majina haya mawili yahitaji kutazamwa kwa macho ya lugha. Katika Kilatini cha matabibu, jina la tetekuwanga ni kidunishi cha jina la ndui. Yaani tetekuwanga huitwa "kijindui". Kumbukumbu hiyo yabaki ndani ya neno tangu zama ambazo magonjwa hayo mawili yalidhaniwa kuwa moja, kubwa na dogo, mpaka William Heberden alipoonyesha tofauti yao kwa hoja imara mwaka wa 1767. Lugha nyingi za Ulaya zilibaki na majina ya jinsi hiyo, yenye kuhesabu magonjwa hayo kuwa ni ndugu. Kiswahili hakikuwa na tatizo hilo. Ndui ni ndui, na tetekuwanga ni tetekuwanga. Maneno mawili yasiyogusana hata kwa silabi moja. Msemaji wa Kiswahili hasukumwi na lugha yake kudhani kwamba moja ni mtoto wa jingine.

Kumwita mtoto mgonjwa mwenye "mfano wa ndui" halikuwa jambo dogo katika siku ambazo ndui yenyewe ilikuwa ikiua watu. Lakini palikuwa na mkanganyiko mwingine mkubwa zaidi. Chanjo ya ndui ilifanywa kwa kirusi kilicho hai, cha jamaa ya ndui lakini dhaifu kuliko ndui. Kwa mtoto mwenye ngozi nzima kirusi hicho kiliacha kovu moja mkononi. Kwa mtoto mwenye ukurutu kiliweza kutambaa juu ya ngozi yote na kumletea homa na majipu yenye kitovu, kama yale aliyoyaeleza Kaposi. Wala haikuwa lazima mtoto achanjwe mwenyewe. Ilitosha ndugu yake aliyechanjwa kulala naye kitanda kimoja.

Basi palikuwa na maradhi mawili yenye sura moja, na majina yaliyotungwa kwa sura hayakuweza kuyatenganisha. Mtoto aliyeambukizwa kwa busu la mtu mwenye malengelenge mdomoni, na mtoto aliyeambukizwa kwa chanjo ya ndugu yake, waliandikwa chini ya jina moja. Waandishi wengine waliongeza jina la nne, mfano wa chanjo, wakidhani labda wamefika. Wazazi walioshika chanjo kuwa ndiyo yenye kosa, na matabibu walioitetea, walibishana juu ya wagonjwa ambao huenda wengine hawakuwa na uhusiano wo wote na chanjo.

Kirusi chatambuliwa

Ufumbuzi haukutoka katika kuutazama ugonjwa kwa makini zaidi. Ulitoka kwa watu waliokuwa wakishughulika na kitu kingine, yale malengelenge madogo ya mdomo ambayo hayakumwogopesha mtu. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza Wilhelm Grüter wa Marburg alichukua majimaji ya hepesi na kuyapandikiza katika jicho la sungura, likashikwa na ugonjwa; Alfred Löwenstein alitangaza matokeo ya namna hiyo mwaka wa 1919, na Grüter mwaka uliofuata. Mwaka wa 1921 Benjamin Lipschütz wa Vienna alieleza alama zionekanazo kwa hadubini ndani ya viini vya chembe zilizopatwa na hepesi. Kwa kazi za watu hao neno hepesi lilianza kuacha maana ya umbo na kupata maana ya kitu kimoja kinachoambukiza.

Hatua mbili zilibaki. Mwaka wa 1938 Katharine Dodd na wenzake wa Nashville, Marekani, walionyesha kwamba vidonda vya kinywa viwapatavyo watoto wadogo pamoja na homa huletwa na kirusi cha hepesi. Mwaka wa 1939 Macfarlane Burnet na S. W. Williams wa Melbourne walieleza namna kirusi hicho kinavyoishi na mwanadamu: mtu hukipata utotoni, na kisha hakimtoki tena, hulala, na huamka pengine kwa homa, kwa jua kali au kwa uchovu. Maelezo yao yalibadili picha yote. Hepesi haikuwa tena ugonjwa ujao na kuondoka; ilikuwa mgeni aingiaye akiwa mtoto na kukaa mpaka kaburini. Tena ikafahamika kwamba mtu mzima asiyeonekana kuumwa aweza kumwambukiza mtoto aliyempakata.

Mwaka wa 1941, katika majarida ya Uswisi, Esser na Seidenberg walitoa ushahidi uliokuwa ukingojewa. Kirusi cha hepesi kilipatikana katika malengelenge ya watoto waliokuwa na ugonjwa wa Kaposi. Ilidhihirika kwamba ule ukurutu ulio mfano wa hepesi haukuwa mfano. Ulikuwa hepesi yenyewe. Katika miaka iliyofuata jina likarekebishwa. Kiambishi cha mfanano kikaondolewa, kikawekwa kivumishi cha kumiliki, na ugonjwa ukaitwa kwa Kilatini ukurutu wa hepesi. Ule wa chanjo nao ukapewa jina lake peke yake. Kwa badiliko la silabi mbili tatu tu, kile kilichokuwa sura kikawa chanzo.

Jina lapata dawa

Badiliko hilo halikumponya mtoto ye yote kwa siku ile, kwa sababu dawa ya kukiua kirusi bila kumdhuru mgonjwa haikuwako. Taarifa za miaka iliyotangulia dawa hutaja vifo vya mtoto mmoja katika kila watoto kumi, na katika taarifa nyingine hata nusu ya wagonjwa. Wengine waliuawa na kirusi kilichoenea mpaka kwenye ini, mapafu au ubongo. Wengine kwa bakteria walioingia katika vidonda vilivyo wazi. Lakini jina sahihi liliwaonyesha wenye kutafuta dawa mahali pa kutafuta.

Dawa hiyo, asikloviri, ilitangazwa katika miaka ya 1977 na 1978 na Gertrude Elion, Howard Schaeffer na wenzao wa maabara ya Wellcome huko North Carolina. Utendaji wake ni wa werevu. Kirusi cha hepesi kina kimeng'enya chake mwenyewe, ambacho chembe ya mwanadamu haina. Kimeng'enya hicho ndicho kiiamshacho dawa. Kwa hiyo dawa hubaki imelala katika chembe nzima, na huamka ndani ya chembe zilizoingiwa na kirusi. Kirusi hutayarisha sumu ya kujiulia. Elion alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1988 pamoja na George Hitchings na James Black.

Tangu hapo suala la jina likawa suala la saa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2011 ulihusu watoto 1331 waliolazwa kwa ugonjwa huu katika hospitali 42 za watoto nchini Marekani, kati ya mwaka wa 2001 na 2010. Hakuna aliyekufa hata mmoja. Lakini waliochelewa kupewa asikloviri walikaa hospitalini zaidi: walioanza dawa siku ya pili muda wao ulizidi kwa asilimia 11, walioanza siku ya tatu kwa asilimia 41, na walioanza kati ya siku ya nne na ya saba kwa asilimia 98. Hesabu hiyo ni ya nchi tajiri, yenye maabara na wauguzi wengi, ambako mtoto akicheleweshewa dawa kuna mengine ya kumtegemeza. Pale ambapo hayo ni haba, kuchelewa kwa siku nne kwaweza kuwa na gharama nyingine.

Sababu ya kuchelewa ni nyepesi kueleweka. Mtoto alikuwa na ukurutu jana na juzi. Leo ngozi imekuwa mbaya zaidi. Basi husemwa kwamba ukurutu umezidi, na huongezwa mafuta yale yale aliyokuwa akipakwa. Au husemwa kwamba vidonda vimeingiwa na bakteria, akapewa dawa ya bakteria peke yake. Kila mmoja katika hao amesoma sura, na sura ni ile ile iliyowapoteza watu tangu siku za Juliusberg.

Wakati huo huo elimu imeeleza kwa nini ni ngozi ya ukurutu na si nyingine. Mwaka wa 2006 wachunguzi wakiongozwa kutoka Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba watu wengi wenye ukurutu wana kasoro katika jeni ya filagrini, protini iimarishayo tabaka ya juu ya ngozi. Ngozi hiyo ni kama ua lenye matundu. Maji hutoka, na vya nje huingia. Kirusi ambacho kwa ngozi nzima hubaki pembeni mwa mdomo, hapa huona njia imefunguliwa.

Ndui imeondoka, sura imebaki

Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizana kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, pwani ya Benadir, kaskazini mwa Barawa. Alishikwa mwezi wa Oktoba 1977, akapona. Mwaka wa 1980 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba ndui imekwisha. Chanjo ya kawaida ikaachwa, na ule ugonjwa wa chanjo ukawa nadra mno, ingawa mwaka wa 2007 ulimpata mtoto wa miezi 28 nchini Marekani ambaye baba yake, askari, alikuwa amechanjwa.

Ingeweza kudhaniwa kwamba mkanganyiko wa zamani umezikwa pamoja na ndui. Haikuwa hivyo. Katika karne hii ya 21 imeonekana kwamba kirusi kingine, Coxsackie A6, nacho huweza kuleta malengelenge ya namna hiyo juu ya ngozi yenye ukurutu. Na mwaka wa 2024 mpox ilipovuka kutoka Kongo ikaingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, wauguzi wa nchi hizi walijikuta tena mbele ya watoto wenye homa na malengelenge yenye kitovu. Sura moja, vyanzo vingi. Na dawa ya kimoja si dawa ya kingine.

Suala la Kiswahili

Hapa ndipo historia ya Vienna na ya Uswisi inapogusa kazi ya wanaistilahi wa Kiswahili. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba mwaka wa 2012 watu wa chini ya miaka 50 katika kanda yake ya Afrika waliokuwa na kirusi cha hepesi cha namna ya kwanza walikuwa asilimia 87. Ukurutu wa watoto nao si mgeni. Kwa hiyo maradhi haya yana kila sababu ya kuwako katika nchi zisemazo Kiswahili, na mama anayeambiwa hali ya mtoto wake ana haki ya kuambiwa kwa jina.

Maneno yaliyoko yana sifa zake. Ukurutu ni neno la zamani. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka wa 1939 lahusishwa na vipele na ukavu wa ngozi, na siku hizi limekubaliwa kwa ekzema. Pumu ya ngozi ni jina la watu, nalo lina hekima ndani yake, maana huonyesha ujamaa wa kweli kati ya ugonjwa huu na pumu ya kifua, ambao mara nyingi hukaa katika nyumba moja. Lengelenge ni neno zuri kwa umbo, lakini moto nao huleta malengelenge, na kiatu kipya pia. Kulifanya malengelenge kuwa jina la hepesi ni kurudia njia ya Willan, ambayo ilihitaji zaidi ya karne moja kunyoshwa.

Mfano wa karibu ni mkanda wa jeshi. Waswahili waliutaja ugonjwa huo kwa umbo la mkanda uzungukao kiwiliwili, na Wayunani wa kale, bila kuulizana nao, waliuita kwa neno la mshipi. Picha ni ile ile na ni nzuri. Lakini hakuna katika jina hilo linalomwambia mtu kwamba mkanda wa jeshi huletwa na kirusi kile kile cha tetekuwanga, kilicholala mwilini tangu utotoni. Majina mawili mazuri yameficha chanzo kimoja.

Likabaki swali la mpangilio wa maneno, ambalo kwa mtu asiye wa lugha laweza kuonekana dogo. Jina la Kilatini lililokubaliwa baada ya mwaka wa 1941 lina ukurutu kuwa nomino kuu, na hepesi kuwa kivumishi. Likifasiriwa neno kwa neno litakuwa "ukurutu wa hepesi". Katika Kiswahili nomino kuu ndiyo itawalayo upatanisho wa sentensi nzima: ukurutu wa hepesi umemshika, umezidi, unatibiwa. Kila kiambishi kitakachofuata kitamrudisha msikilizaji kwenye ukurutu, na mwenye kusikia ukurutu atatafuta mafuta ya ukurutu. Lakini ukisemwa "hepesi ya ukurutu", mambo hugeuka: hepesi imemshika, imeenea, inatibiwa. Upatanisho wote hufuata kirusi. Ukurutu hubaki mahali pake pa kweli, yaani kuwa uwanja ambamo hepesi imeingia.

Yawezekana kupinga kwamba hepesi ni neno geni lisilo na maana kwa mama wa kijijini. Ni kweli. Lakini ugeni huo una faida moja: halifanani na neno lo lote, wala halimwongozi mtu kwenye mfano usiofaa. Neno kirusi nalo lilikuwa geni, na sasa limeenea. Tena maelezo yaweza kuandamana na jina kwa maneno mepesi: hepesi ya ukurutu ni kirusi cha malengelenge ya mdomo kilichoingia katika ngozi ya mtoto mwenye ukurutu. Sentensi hiyo moja yataja chanzo, yataja njia, na yamwonya mwenye malengelenge mdomoni, awe mama, baba, nyanya au yaya, asimbusu mtoto mpaka yapone.

Majina ya magonjwa hayaponyi. Kaposi aliona sawasawa na kuandika sawasawa, na bado watoto walikufa kwa miaka tisini baada yake. Lakini jina ndilo linaloandikwa juu ya cheti cha mgonjwa siku ya kwanza, kabla maabara haijajibu. Na atakayekipokea cheti hicho usiku, wakati tabibu amekwisha kwenda zake, atafuata kile kilichoandikwa. Likiandikwa ukurutu, atafanya la ukurutu. Ikiandikwa hepesi, ataulizia dawa ya hepesi.